Mdogo Wangu kwenye Mbio za Magari ya Punda

Mdogo wangu alinijia Jumapili moja, Ramadhani ikiwa ukingoni, akaniambia kwamba Idi Pili ataingia kwenye mashindano ya magari ya punda. Alilisema jambo hilo huku akilegeza mtandio wake, kama mtu anayesema kesho nakwenda Muheza kununua machungwa. Nilikuwa nimeshika kopo la maji ili anawe uso, kwa kuwa alikuja na vumbi hadi kwenye kope. Nilibaki nimelishika.

Nieleze kwanza sisi ni akina nani. Baba yetu alitoka bara akiwa kijana, akaja Tanga kukata mkonge, na hakurudi tena kwao. Tulizaliwa kambini, kwenye nyumba za mstari za shamba la mkonge upande wa Mwera, tukabatizwa katika kanisa dogo la Kikatoliki la pale pale. Baba alifia kambini na mama anaishi kambini hadi leo. Mimi nilibahatika kusoma, nikawa mwalimu wa historia katika sekondari ya kata, na nyumba yangu ya shule iko kati ya kambi na mji wa pwani, kama jiwe la mpaka. Mdogo wangu aliolewa na Mpemba mmoja mpole aliyekuwa na gari la punda. Akasilimu, akahamia pwani.

Mama hakugombana naye. Alifanya jambo zito zaidi: aliacha kumtaja. Ukimsikia mama akizungumza na majirani ungedhani alizaa mtoto mmoja tu. Mdogo wangu akituma samaki, mama anawapika na kuwala, lakini haulizi wametoka wapi.

Yule shemeji yangu aliugua ini, akafariki bila ya wao kujaliwa mtoto. Aliacha punda wawili, dume jeusi na jike la kijivu, na gari lenye matairi ya gari dogo. Watu wa pwani walidhani mjane atauza. Alipotoka eda aliwafunga punda mwenyewe, akaenda kuteka maji ya kuwauzia wenye vibanda vya chai. Wiki za kwanza walimcheka. Halafu wakaona maji yanafika mapema, kokoto zinafika, nazi zinafika, wakaacha kucheka wakaanza kumtuma.

Mashindano yalianza bila ya mtu kuyaanzisha. Wenye magari wa pwani na wa kambini hukutana alasiri wakirudi watupu, na barabara ya shamba la mkonge imenyooka kama uzi. Mmoja anampita mwenziwe, mwenziwe anachukia, basi punda wanaacha kwenda matiti, ule mwendo wao wa kudundadunda, wanapiga shoti. Vijana wakaanza kwenda kukaa kando ya barabara kutazama. Kisha wakahamia kwenye kiwanja cha zamani cha ndege cha shamba, mahali ambapo hakijatua kitu miaka mingi isipokuwa korongo na mbuzi. Wakaweka pipa huku na pipa kule, magari yakawa yanazunguka. Wa pwani wakashona fulana za buluu. Wa kambini wakachagua nyekundu. Mama lishe wakafuata na vikaango vyao, muuza miwa akafuata, na mwenye duka la vipuri akatangaza kwamba mshindi wa Idi Pili atafungiwa ekseli mpya na jozi ya matairi.

Watu wa pwani hii wanapenda kushindana. Tangu enzi za bibi zao, ngoma za mtaa huu zilishindana na za mtaa ule, taarabu nayo vivyo hivyo, na mpira ndio usiseme. Mtu mwingine angetazama punda wale akacheka. Mimi sikuweza, kwa sababu ya kitu nilichokisoma chuoni.

Palikuwa na kitabu kikubwa kilichochanika jalada, juu ya Warumi wa kale, na sura moja nzima ilihusu mashindano yao ya magari ya farasi. Niliisoma mara nyingi kuliko masomo niliyopaswa kuyasoma. Mji wa Roma ulikuwa na uwanja mrefu uliokusanya watu wengi kuliko kiwanja chochote cha mpira tunachokijua sisi, maskini na matajiri, waume kwa wake, siku nzima juani. Magari mepesi, kila moja na farasi wanne, yalizunguka uwanja mara saba. Madereva wengi walikuwa watumwa, na wengine walipata umaarufu kuliko majemadari. Timu zilijulikana kwa rangi: nyekundu, nyeupe, kijani, buluu. Mtu alizaliwa katika rangi, akaoa na kuzika ndani ya rangi hiyo. Dereva alijizungushia hatamu kiunoni ili aegemee kwa uzito wa mwili wake wote, na akabeba kisu cha kuzikatia gari likipinduka, maana asipowahi kuzikata farasi wangemburuta mpaka basi. Ajali nyingi zilitokea pale pa kugeukia. Warumi waliziita kwa neno lile lile walilolitumia kwa chombo kinachovunjika baharini. Na baadaye, katika mji wao mwingine wa mashariki, mashabiki wa buluu na wa kijani waliamka siku moja wakauchoma mji moto, wakafa kwa maelfu ndani ya uwanja wao wenyewe.

Kwa hiyo nilipoanza kuwaona wanafunzi wangu wakija shule na vitambaa vya rangi mikononi, nilianza kuzihesabu rangi. Wakati wa mapumziko wa buluu walikaa upande wa mwembe na wa nyekundu upande wa tangi la maji. Kabla ya hapo walikuwa wanakaa ovyo tu. Waliniuliza darasani mimi ni wa rangi gani, nikawaambia mwalimu hana rangi, wakacheka kwa adabu kama watu wasioamini. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba buluu walikuwa karibu wote Waislamu na nyekundu karibu wote Wakristo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, ni makazi tu. Lakini siku watu wakigombana, nani atakaa chini kueleza kwamba ni makazi tu?

Na sasa mdogo wangu, aliyezaliwa kwenye nyekundu, alikuwa anataka kuvaa buluu.

Nilimwambia yote niliyoyajua juu ya Warumi. Nilimweleza habari ya pale pa kugeukia, nikamweleza habari ya hatamu na kisu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu tangu udogo alikuwa na heshima hiyo. Kisha akauliza:

"Walikuwepo wanawake?"

Nikasema sikumbuki kusoma kwamba walikuwepo madereva wanawake.

"Basi kitabu chako hakina la kuniambia, kaka," akasema, akalichukua lile kopo mkononi mwangu akanawa.

Alinieleza kwamba ekseli yake imepinda na matairi yameliwa hadi nyuzi, na kwamba punda wake wanajua kukimbia na wao wenyewe wanapenda. Hakusema kwamba yeye pia anapenda, lakini nililiona jambo hilo usoni mwake, na ndilo lililonitisha kuliko ekseli. Tangu afiwe sikuwa nimemwona na uso ule.

Habari zilifika kambini kabla yangu. Nilipokwenda kumwamkia mama jioni ya siku ya pili, majirani walikuwa wamekwisha kuzigawa. Wengine walisema msichana wetu anakwenda kututia aibu. Wengine walisema akishinda ni ushindi wetu, damu ni ya hapa. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaendelea kuchambua. Baadaye sana, nilipokuwa nimeshasimama kuondoka, akauliza kama wale punda wanauma. Nikasema hawaumi. Hilo tu ndilo alilouliza.

Siku chache kabla ya Idi wakanijia wazee wawili pamoja, mwenyekiti wa pwani na mwenyekiti wa kambini. Wao wenyewe walikuwa marafiki wa bao wa siku nyingi, na nadhani nao waliona nilichokuwa nikikiona. Walisema wanataka mwamuzi wa kusimama kwenye pipa la mbali, pale wanapogeukia, na kwamba mimi ndiye pekee ambaye mguu mmoja uko huku na mwingine kule. Sikutaka. Nilikubali kwa sababu nilifikiri, kama litatokea la kutokea, litatokea kwenye pipa, na afadhali niwe karibu.

Idi Pili niliamka kabla ya jogoo. Jua lilitoka zuri, upepo wa baharini ulikuwa mwanana, na kila mtu niliyekutana naye njiani alinipa mkono wa Idi kwa furaha, nami nikaupokea huku nikiliwazia pipa. Kiwanjani watu walikuwa wamekwisha kujipanga: buluu upande wa bahari, nyekundu upande wa mkonge, na katikati uwanja mtupu wa majani makavu. Nilitafuta mtu mmoja aliyekaa upande usio wake. Sikumpata. Niliona vilevile kwamba vijana kadhaa wa pande zote mbili walikuja na fimbo, na hawakuwa wachungaji.

Yalikuwepo magari manne, mawili kila upande. Mdogo wangu alikuwa amevaa suruali ndani ya dera, fulana ya buluu juu, mtandio ameufunga nyuma ya shingo. Alikuwa anawakuna punda masikioni na kuwasemesha. Sikumfuata, nisije nikasema neno la kumtia hofu yangu. Nilikwenda kwa dereva wa kwanza wa nyekundu, mwanamume tuliyekua naye. Kwao ni mlango wa tatu kutoka kwetu. Yeye na mdogo wangu walichota maji pamoja utotoni, wakachapwa pamoja kwa kuiba mapapai. Nilikuta amejizungushia kamba za hatamu kiunoni na kuzipiga fundo.

 Nikamwomba afungue ile kamba, nikamwambia punda wakimtupa chini hataweza kujitoa. Aliuinua mkono wake wa kulia. Ulikuwa na vidole vitatu tu, vingine vilikwenda na mashine ya kusindika mkonge.

"Mwalimu, vidole vyangu vimebaki kiwandani," alisema bila uchungu. "Nitashika na nini?"

 Niliwatazama wenyeviti, walikuwa wanacheka na mwenye duka la vipuri, na filimbi ilikuwa tayari imo mdomoni mwa mtu. Nikaenda kwenye pipa langu, na kibendera cheupe nilichopewa nikakikunja na kukikunjua njia nzima.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Gari la pili la buluu liligoma njiani, punda wakasimama kula majani, dereva akabaki anawabembeleza huku watu wakishika mbavu. Nikaanza kupumua. Mzunguko wa pili hakuna aliyecheka. Mdogo wangu na yule jirani yetu walikuwa wamejitenga na wenzao, sambamba, na niliposikia kwato zikija upande wangu nilielewa kitu ambacho kitabu hakikuweza kunifahamisha, yaani ule mshindo unaopanda kutoka ardhini hadi magotini. Walilizunguka pipa mmoja nyuma ya mwenzake, gari la mdogo wangu likanyanyua gurudumu moja, likalirudisha. Alipita karibu nami kiasi cha kuweza kuisikia sauti yake. Alikuwa anawaimbia punda.

Mzunguko wa tatu ndio wa mwisho. Niliwaona wakitoka pipa la mbele, wako sambamba tena. Kelele za pande mbili zilikuwa zimekuwa kelele moja isiyo na maneno. Jirani yetu alikuwa upande wa ndani, karibu na mstari wa pipa, ameegemea nyuma na kamba zimemkata kiunoni. Mdogo wangu alikuwa nje yake kidogo. Kisha nikaona nafasi ikifunguka kati ya gari la jirani yetu na pipa, nafasi nyembamba kama mlango uliosahauliwa kufungwa, na nikamwona mdogo wangu ameiona.

Nilifumba macho.

Nilisikia chuma kikikwaruza chuma, kisha mbao, kisha punda akilia kwa sauti kama ya mlango mkubwa. Nilipofumbua, gari la mdogo wangu lilikuwa limekwisha kulipita pipa, liko wima, na mbele yake hakuna mtu mpaka mwisho. Gari la jirani yetu lilikuwa limelala ubavu, nira imeachana nalo, na punda wake wanakimbilia kwenye mkonge. Yeye alikuwa nyuma yao, anaburutwa kwa kiuno, mikono inachuma majani.

Nilikimbia. Mimi si mtu wa kukimbia, na nilijua siwezi kuwapata. Pembeni ya jicho nikaona gari likigeuka. Mdogo wangu aliwavuta punda wake kwa nguvu kiasi cha kuwakalisha, akawazungusha, akawapigisha shoti wakate njia mbele ya wale wawili kabla hawajafika penye miiba. Aliwaziba kwa gari lake. Wakasita, akaruka chini, akamkamata mmoja kwa lijamu na kumwekea paji la uso kwenye shingo. Gari la tatu, la nyekundu, lilipita nyuma yetu likaenda kumaliza, na sidhani kama kuna aliyelishangilia.

Nilipofika nilipiga magoti nikaanza kulivuta fundo. Lilikuwa limekaza kama jiwe na kila nilipovuta alitoa sauti.

"Usivute," mdogo wangu akasema. "Ngoja niwarudishe nyuma kwanza."

Akawarudisha punda hatua kwa hatua, akiwanong'oneza, mpaka kamba ikalegea. Fundo likafunguka kwa vidole. Jirani yetu alikuwa na fahamu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali, na damu ilikuwa imetapakaa kwenye fulana yake nyekundu kiasi cha kutojulikana inapoanzia. Alimtazama mdogo wangu akamwita kwa jina la utotoni, lile ambalo mama pekee alilitumia.

Ndipo watu walipotufikia. Walikuja kutoka pande zote mbili, wakasimama duara, na hata kabla hawajamtazama vizuri yule aliyelala walianza. Mmoja wa nyekundu akasema amemgonga makusudi, amemwingilia makusudi. Mmoja wa buluu akasema angekuwa ameshinda, amesimama kwa sababu ni watu wa kwao, ametuuza. Niliona fimbo moja ikipanda, na nyingine upande wa pili ikapanda kuijibu. Neno la dini lilitamkwa. Sikuona lilitoka kwa nani, lakini nililisikia, na watu wote walilisikia, kwa sababu palikuwa na kimya kifupi baada yake. Nilijua kwamba kimya kile kikiisha vibaya hatutaweza kukirudisha.

Mwenyekiti wa kambini akapenya katikati, mwenziwe wa pwani nyuma yake. Akasema mwamuzi alikuwa hapa, mwamuzi aseme alichokiona.

Wote wakanigeukia.  Nilifikiri niseme ilikuwa bahati mbaya tu, nikafikiri wataniuliza gurudumu la nani liligusa la nani. Nilikuwa sina la kusema ila lile lililokuwa kweli.

"Sikuona," nikasema. "Niliogopa, nikafumba macho."

Mtu mmoja akasema hakusikia, nirudie. Nikarudia. Mama mmoja wa kambini, muuza mihogo, akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, kilimtoka tu kama kikohozi, akaziba mdomo kwa kanga. Akacheka mwingine wa upande wa buluu. Wengine wakanitukana, na mzee mmoja akasema huyu ndiye anayefundisha watoto wetu. Lakini fimbo zilikuwa zimeshuka kidogo, kwa sababu ni vigumu kuwa na hasira na kumdharau mwalimu kwa wakati mmoja.

Mdogo wangu hakungoja. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba wanaweza kuendelea kuulizana, yeye anampeleka mgonjwa zahanati, na anaomba watu wanne wa kumnyanyua. Walijitokeza zaidi ya wanne. Tulimlaza juu ya gari lake, kwenye magunia, mimi nikapanda kumshika kichwa. Akawatembeza punda taratibu. Nikitazama nyuma niliona buluu na nyekundu wakitufuata barabarani, wamechanganyika kwa sababu barabara ni nyembamba.

Muuguzi wa zahanati alimpima kwa muda mrefu. Alipotoka alisema mguu umevunjika na mbavu pia, lakini hayo si yanayomtia wasiwasi. Tumbo lilikuwa linakuwa gumu, na hapo zahanati hawezi kujua ndani kuna nini. Alikuwa amepiga simu, gari la wagonjwa litatoka mjini.

Kungoja gari lile ndiko kulikonizeesha. Nje ya ukuta watu walikuwa wamesimama juani, na sasa, kwa kuwa palikuwa na nafasi, walikuwa wameanza tena kujitenga, kidogo kidogo, buluu chini ya mkorosho na nyekundu kando ya shimo la taka. Nilikuwa naingia na kutoka. Nikiingia naliangalia tumbo la mgonjwa, nikitoka naangalia fimbo. Nilihesabu kimoyomoyo, mgonjwa akifa ni nani wa kumkimbilia kumlinda: mdogo wangu kwanza, kisha mama peke yake kambini. Sikuona aibu kufikiri hivyo. Mdogo wangu alikaa kwenye benchi la barazani, mikono imewekwa magotini viganja juu, ina damu iliyokauka. 

Mama alikuja pamoja na mke wa mgonjwa, kwa bodaboda. Alimshusha yule mwanamke, akamwingiza ndani, akatoka. Nilisimama kumpokea, akanipita. Alisimama mbele ya mdogo wangu akaitazama ile mikono. Kisha akajifungua kanga ya juu, akaenda bombani, akailowesha, akarudi akakaa kwenye benchi na kuanza kumfuta kidole kimoja kimoja.

"Umekula?" akamuuliza.

Mdogo wangu akatikisa kichwa.  Mama aliendelea kufuta hata mahali palipokwisha kutakata.

Gari lilifika, likamchukua mgonjwa pamoja na mkewe, na watu wakaondoka kimya mmoja mmoja. Usipomwona mgonjwa huna cha kusimamia. Siku zilizofuata zilikuwa za simu. Kila ilipolia niliipokea kabla ya mlio wa pili, hata ilipokuwa ni mzazi wa mwanafunzi anayeulizia mitihani. Walimpasua tumbo, wakamfunga kilichokuwa kinavuja, wakamwekea vyuma mguuni. Siku niliyoambiwa amekula uji na kuulaumu kwamba hauna pilipili manga, nilikwenda nyuma ya nyumba ya shule nikakaa chini.

Mdogo wangu alikwenda kumwona hospitali. Alinieleza safari hiyo akiwa anapanga ndoo garini, bila kunitazama. Alimwambia mgonjwa kwamba aliiona ile nafasi, akaona panatosha, na hapakutosha. Yule mtu akamjibu kwamba yeye naye alimwona anakuja, angeweza kusogea, na hakutaka.  Kisha mke wake akamenya machungwa, wakala.

Punda wa jirani yetu walikuwa wamebaki bila wa kuwashughulikia, na familia ile inategemea punda. Mdogo wangu aliwachukua. Alfajiri alifanya kazi yake na punda wake, mchana akaenda kambini kufanya kazi ya mwenziwe na punda wa mwenziwe. Haikupokelewa vizuri kama watu wanavyoweza kudhani. Pwani wenye vibanda wawili walimwacha, wakanunua maji kwa mwingine. Kambini kuna mama aliyemwaga ndoo nzima mbele yake, akasema hanywi maji ya mkono ule. Mdogo wangu aliteka nyingine akaiweka mlangoni akaondoka. Kesho yake aliikuta ndoo imeoshwa na imefunikwa. Mambo yakaenda hivyo, mara mbele mara nyuma, mpaka mwenyewe alipotoka hospitali na magongo na kuanza kukaa mlangoni kutoa amri juu ya punda wake.

Serikali ya kijiji ilisimamisha mashindano. Yakakaa, yakarudi. Sasa ni marufuku dereva kujifunga, na ni gari moja moja linalopimwa muda kwa saa, hakuna kupitana. Vijana wanalalamika kwamba mchezo umepoa. Shuleni vitambaa bado vipo, ingawa wakati wa mapumziko nimeona wanaanza tena kukaa ovyo. Sijui kama ni kwa sababu ya lililotokea au ni kwa sababu tangi la maji linavuja na upande ule una tope.

Mdogo wangu anaingia kila mara. Ameshinda mara moja, ekseli anayo. Hofu yangu haijapungua. Wiki ya Idi inapokaribia silali vizuri, na nimeacha kujifanya kwamba ni kwa sababu ya Warumi.

Mama hushuka pwani Idi, kwa miguu, akiwa amevaa kanga mpya na rozari yake shingoni. Mara ya kwanza alipotea katika vichochoro, akapelekwa na watoto wa watu mlango kwa mlango mpaka alipofika. Hula pilau akaisifu. Halafu hutoka uani akasimama mbali kidogo na banda, mkono puani, akalalamika kwamba punda wale wananuka na kwamba mtu anawezaje kulala karibu nao, na mdogo wangu humjibu kutoka jikoni kwamba mtu huzoea.